Walisema Maziwa Yangu Yalikauka

Siku ya tatu ya matanga ya mume wangu, mwanangu Amani alishika kipaza sauti uani, mbele ya viti vya plastiki vya kukodi, akamsifu baba yake kwa jambo ambalo mimi nimelimeza kwa karibu miaka hamsini. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa, miguu imekufa ganzi, nikisikiliza kama mjane anavyotakiwa kusikiliza. Amani alikohoa, akafuta uso, akasema: "Papa njo aliniokoa. Nilikuwa na miezi mitatu, maziwa ya Mama Goma ikakauka. Bwana mwengine angemurudisha kwao. Papa hakumurudisha. Alinunua maziwa ya unga ya buati, na vile ile ya buati ilikataa mu tumbo yangu, akanipeleka kwa mama yake ku Kibumba, nikanyonya kule. Bila ule muzee, leo singekuwa hapa." Watu wakaitikia amina. Mwanamke mmoja nyuma yangu akavuta pumzi, akasema polepole, "Bwana kama ule, haonekani tena." Kipaza sauti kilirudi kwa vijana, nao wakaendelea kupiga nyimbo za kanisa kwa sauti ya kutoboa masikio, na mimi nikabaki pale mkekani nikiwa nimewaka moto kuanzia kifuani hadi kwenye nywele.

Mama Goma ni mimi. Hilo ndilo jina ambalo mwanangu niliyemzaa mwenyewe amekuwa akiniita tangu alipojua kusema, na ukoo mzima unaliona tamu, unalicheka kwenye karamu. Ningeweza kumeza na siku ile pia. Nimezoea. Lakini nilipoinuka kwenda chumbani kunyoosha miguu, nikamkuta Neema, binti wa Amani, amekaa kitandani na mtoto wake wa siku tisa, analia. Shangazi zake wawili wa ukoo, si wa tumbo langu, walikuwa wamemsimamia kila mmoja upande wake. Mtoto alikuwa ananyonya, anaachia, anapiga kelele, ananyonya tena. Nikamsikia shangazi mkubwa akisema, bila hata kupunguza sauti kwa sababu yangu: "Usijichokeshe, mama. Iko mu damu. Tate yako pia maziwa ilimukaukia. Nimeshatuma mutu aende kuleta buati." Tate ndivyo wajukuu wa Goma wanavyowaita nyanya zao. Neema akanitazama kwa macho mekundu, akaniuliza, "Tate, ni kweli? Ilikauka tu yenyewe?" Swali lile lile niliulizwa na mama mkwe wangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na sikulijibu.

Kwa hiyo nitaueleza mwaka ule. Kwetu nilikotoka na jinsi nilivyoolewa nitaviacha, kwa maana havina hatia. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, imepandishwa juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba nyingi za Goma wakati ule, vyumba viwili na salon ya kupokelea wageni. Jiko lilikuwa nje nyuma, kibanda cha mabati ambacho moshi wake ulikuwa hauna haraka ya kutoka. Mume wangu, Papa Amani, alikuwa kalani kwenye ofisi ya zone, yaani wilaya. Alikuwa na suti mbili za abakosti, moja ya kijivu na moja ya bluu, na mimi ndiye niliyezipiga pasi ya makaa. Salon ilikuwa na viti vinne, buffet, kabati fupi la mbao nyekundu lililotandikwa vitambaa nilivyofuma mwenyewe, na juu ya buffet redio. Redio ile ilisema kutwa kucha. Ilisema tuache majina ya wazungu, tuitane citoyen, yaani raia, turudie asili yetu, na kila siku ilimsifu mama: mama wa Zaïre, mama mwenye kulea taifa, mama ambaye bila yeye nchi haisimami. Nilikuwa nikipika maharage huku nasifiwa. Nilikuwa na tumbo kubwa, nikaamini kwamba maneno yale yananihusu.

Amani alizaliwa msimu wa mvua, nyumbani, mikononi mwa mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kutoka Kibumba na magunia ya kabichi na unga wa mtama. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa mashamba, mikono mipana, si msemaji, na mgongoni alikuwa na kitinda mimba wake mwenyewe, Safari, mwenye mwaka mmoja na kitu. Jambo hilo liliwachekesha majirani, mama na mke wa mwanawe kunyonyesha pamoja, naye lilimtia haya. Alinikanda kwa maji ya moto hadi nikapiga kelele. Maziwa ya kwanza yalipotoka, yale mazito ya manjano, alinishika titi akayakamua chini. "Ile ni uchafu," aliniambia, "mutoto hanyonye uchafu." Mimi ni nani nimkatalie? Siku hizi nesi wa kituo cha afya anawafundisha wasichana kwamba yale ya manjano ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto, na anayeyamwaga anakemewa kama mwizi. Sisemi nesi amekosea. Nasema tu kwamba hata siku ile ya kwanza kabisa, kabla mume wangu hajafungua mdomo, tayari kulikuwa na mkono wa mtu mwingine kifuani mwangu. Maziwa meupe yalikuja siku ya tatu, yakaja kwa wingi, blauzi ikawa haikauki, na mama mkwe akaridhika, akapanda lori akarudi shambani kwake.

Miezi mitatu mizuri. Nataka iandikwe kwamba kulikuwa na miezi mitatu mizuri. Nilikuwa nikikaa kizingitini asubuhi jua likiwa bado halijachoma mawe, Amani ananyonya huku ananishika kidole, na wanawake waliokuwa wanapanda kutoka ziwani na maji kichwani wakinisalimu, "Mama Amani, mutoto anakula muzuri!" Ndiyo, alikula vizuri. Alikuwa na mikunjo mitatu kwenye kila paja. Kisha Jumapili moja chef wa Papa Amani, mkubwa wake wa kazi, alikuja kututembelea na mke wake. Niliwatayarishia samaki wa chumvi wa Vitshumbi na viazi, wakala, wakasifu. Wakati wa bia Amani akalia, nami nikafanya kile ambacho kila mwanamke niliyemjua alikuwa anakifanya: nikakaa kwenye kiti, nikafungua blauzi, nikampa titi. Mke wa chef akageuza uso kutazama ukuta. Chef akacheka, akampiga mume wangu begani: "Citoyen, kumbe weye ungali ku Kibumba! Mwili uko Goma, nyumba ingali kule!" Walicheka wote. Papa Amani naye alicheka, meno yote nje, na nikaona masikio yake yamebadilika rangi.

Walipoondoka hakunipiga. Laiti angenipiga, labda ningeelewa mapema kwamba ni vita. Alikaa chini ya redio yake, akasema kwa upole kabisa: "Bibi ya kalani hafungue kifua mbele ya batu kama muuza makala. Banawake ya ku bureau banatumia biberoni. Na weye utatumia biberoni." Nikamwambia maziwa ninayo. "Itaisha," akasema, "kama haina kazi, itaisha." Jumanne alirudi na mwalimu wa foyer, kile kituo ambako wake wa makalani tulijifunza kushona, kupika makaroni na kupanga uma mezani. Alikuwa mwanamke safi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kubembeleza. Alinikalisha kitandani, akaomba shuka. Nilikuwa na shuka moja tu mpya, ya harusi yangu, nyeupe yenye ua la bluu pembeni. Aliichana vipande virefu mbele yangu. Akaninyoosha mikono juu, akazungusha kipande cha kwanza kifuani, akaweka goti mgongoni kwangu, akavuta. "Utavumilia kidogo, mama," akawa anasema, "siku tano, siku sita, halafu utabaki na matiti ya musichana. Bwana atafurahi." Papa Amani alikuwa salon, upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Aliyewahi kufungwa maziwa yake atanielewa, na ambaye hajafungwa asijifanye ananielewa. Matiti yalikuwa mawe. Homa ilinitetemesha mchana. Amani alikuwa analia chumba cha pili na chuchu ya mpira ya biberoni mdomoni, na kila alipolia maziwa yalijisukuma yenyewe kutafuta njia, yakaloanisha shuka, yakanuka. Siku ya pili sikuweza tena. Nikaenda nyuma ya jiko, nikalegeza kitambaa, nikajikamua juu ya mawe. Mawe yetu ya Goma hayanywi kitu kwa urahisi. Maziwa yalitiririka kwenye vijishimo vyeusi yakakaa humo, meupe, na inzi wakaja. Nilimsikia mwanangu akilia njaa hatua kumi kutoka pale. Ningeweza kwenda kumchukua, nilikuwa na miguu. Sikwenda. Nimejiuliza kwa miaka yote hii kwa nini sikwenda, na jibu ni la aibu: nilitaka kuwa mke mzuri. Walikuwa wamenifundisha kwamba hiyo ndiyo njia ya kuwa mama mzuri, na niliamini mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Siku ya sita nilikuwa mkavu. Papa Amani akapanga buati za maziwa ya unga juu ya buffet, pande zote mbili za redio, juu ya vitambaa vyangu, na picha ya mtoto mnene mweupe iliyokuwa kwenye kila buati ikiangalia wageni. Hapa ndipo hasira yangu inapokuwa kubwa kiasi kwamba karibu nicheke. Alizipenda buati zilizofungwa. Buati iliyofunguliwa haikuwa na urembo, ilikwenda jikoni, na pengo likabaki kwenye buffet. Kwa hiyo ile moja iliyo wazi ilipaswa kudumu. "Weka kidogo," alikuwa ananiambia, "ile ni kitu ya nguvu, si kama yenu." Nikaweka kidogo, na maji yalikuwa ya ziwa, niliyoyachemsha makaa yalipokuwepo na kuyapasha tu yalipokuwa machache. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mtoto anayehesabiwa vijiko, si buffet. Amani akaanza kuharisha. Mikunjo ya mapaja ikaondoka mmoja mmoja. Kufika mwezi wa tano alikuwa na uso wa mzee, halii tena, anatazama tu, na wageni waliendelea kuingia salon na kusema, "Eh, citoyen, mutoto yako anakunywa kizungu!"

Mama mkwe alipokuja tena na kabichi zake, hakumtambua mjukuu wake. Aliuliza, "Huyu ni wa nani?" Nilipomjibu, aliteremsha mizigo bila haraka, akakaa kwenye sakafu ya salon, akamtoa Safari mgongoni, akafungua kifua chake palepale chini ya buffet na kumweka Amani titini. Mtoto alikuwa amesahau. Alikamuliwa tone kwa tone mdomoni, hadi akakumbuka, akashika. Mama mkwe alimwacha anyonye, kisha akainua macho, akaniuliza: "Maziwa yako iko wapi?" Nikafungua mdomo. Papa Amani, aliyekuwa amesimama mlangoni na abakosti yake ya kijivu, akanitangulia. "Ilikauka," alisema. Mama yake hakumtazama, aliendelea kunitazama mimi. "Ilikauka tu yenyewe?" "Yenyewe," akasema mume wangu. Na mimi nikainamisha kichwa. Hivyo ndivyo uongo ule ulivyopata mama na baba.

Kesho yake asubuhi lori la kurudi Kibumba lilisimama barabarani. Nilikuwa nimefunga kitenge changu kimoja na ndizi kadhaa. "Na miye niende," nikamwambia Papa Amani. "Nitakaa kule mupaka apone. Maziwa inaweza rudi, mama anasema inaweza rudi." Alikuwa anafunga vifungo vya mkono. "Na hapa nani atapika? Batu bataniuliza bibi yangu ameenda wapi, nitasema nini?" Kwa watu, mtoto kulelewa na nyanya yake ilikuwa desturi, hakuna ambaye angeuliza. Mke wa kalani kurudi kijijini kunyonyesha ilikuwa habari. Basi mtoto akaenda, mke akabaki. Mama mkwe alipanda juu ya magunia matupu na watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na lori likapita njia ya Munigi. Nilirudi ndani. Nikapika mchana ule, na chakula kilikuwa na chumvi ya kawaida, kwa sababu Papa Amani hakulalamika.

Amani aliishi. Kwa hilo nitamshukuru mama mkwe hadi nizikwe. Lakini alinyonya kule zaidi ya miaka miwili, akimwita yeye mama na Safari ndugu, na kila nilipopewa ruhusa ya kwenda nilikuta ananichungulia kutoka nyuma ya kitenge chake. "Musalimie," mama mkwe alikuwa anamwambia, "huyu ni Mama wa Goma." Hakuwa na nia mbaya. Na wanawake wa Kibumba, waliokuwa wakipura maharage uani, walinionea huruma ya kuchoma: "Maskini, Mungu alimupa tumbo, akamunyima titi." Nilizaa wengine wanne. Nikawanyonyesha wote kwenye kizingiti, kwani kufikia wakati ule chef alikuwa amehamishwa na buati zilikuwa hazionekani tena madukani, na hakuna aliyekumbuka kwamba titi lilikuwa ushamba. Maziwa yalijaa. Watu walisema ni muujiza, na Papa Amani akaitikia.

Sina ugomvi na buati yenyewe. Najua wanawake waliowaponya watoto wao kwa hiyo, na nawapa heshima. Nina ugomvi na wale ambao kila baada ya miaka michache wanakuja na sura mpya ya mama mwema na kutuvika kwa nguvu. Wazee wetu walimwaga maziwa ya manjano. Makalani wakafunga yale meupe. Na sasa ni manesi: siku chache kabla ya matanga nilikwenda na Neema kituo cha afya, nikaona ukutani picha ya mama anayetabasamu, titi nje, na nesi akamsomesha mtoto wa watu mbele ya benchi zima kwamba mama asiyenyonyesha hampendi mtoto wake. Neema alitoka pale anatetemeka. Chef alicheka kwa sababu nilitoa titi, nesi alifoka kwa sababu halikutoa vya kutosha, na wote wawili hawakuuliza mwenye titi ana hali gani.

Kwa hiyo siku ile ya matanga, Neema aliponiuliza, nilikaa kitandani nyuma yake ili aniegemee. Nikawaambia shangazi wasogee wapate nafasi ya kusikia. "Maziwa yangu haikukauka," nikasema. "Walinifunga na shuka ya harusi yangu. Hakuna damu ya ukavu mu hii familia, Neema. Mugeuze mutoto, tumbo yake iguse tumbo yako. Kunywa ule uji wa mutama. Ukitaka buati kesho, utachukua buati, lakini ni weye utataka, si batu." Sauti yangu ilikuwa imepanda bila mimi kujua, kwani Safari na Amani walikuja mlangoni. Nikasema yote tena mbele yao, kuanzia kicheko cha chef hadi lori. Shangazi mkubwa alishika mdomo. Safari, ambaye ni mzee wa kanisa sasa, akanyoosha mkono kunituliza. "Shemeki, muache. Muzee hana hata siku tatu mu udongo."

"Alikuwa hai karibu miaka makumi tano, nikanyamaza," nikamjibu. "Sasa amekufa, munataka ninyamaze pia. Basi nitasema siku gani?"

Safari akashusha mkono. Amani alikuja akachuchumaa mbele yangu, mtu mzima mwenye mvi, magoti yakalia. Huko nje kipaza sauti kilikuwa kinatikisa madirisha kwa wimbo wa kumsindikiza marehemu. Ilibidi asogeze uso karibu ili nimsikie.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Sita."

"Ulilia?"

"Nililia sana."

"Na papa alikuwa wapi?"

"Mu salon."

"Alikusikia?"

Nilimtazama. Alikuwa na masikio ya baba yake. "Alinisikia," nikasema. "Alipandisha redio."

Amani akainuka, akampita Safari, akatoka uani. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Tukasikia watu wakinung'unika, kijana mmoja akiuliza kama ni umeme umekwenda, na Amani akimjibu kwamba hapana, ni yeye amezima. Viti vikatulia. Kwenye ukimya ule, kifuani kwa Neema, tukamsikia mtoto akimeza.